Vuguvugu kuwa chama: tusajili kipya au tuingie kilichopo?

Nyota_Jinja: Habari ndugu. Hapa Uganda wachuuzi, waendesha bodaboda na wanafunzi waliosimama pamoja tangu kodi ya mitandao ya kijamii ya 2018, ile ya shilingi 200 kwa siku, wanataka chama chao cha mrengo wa kushoto. Wanaambiwa majina 50 kwa wilaya yanatosha kukisajili. Ni kweli?

Karani_wa_Fomu: Hamsini ni sawa, ila sheria ya vyama ya 2005 inayataka kutoka theluthi mbili ya wilaya za KILA kanda. Hapo ndipo watu hukwama. Mkijaza Kati na Mashariki yote halafu Kaskazini ikapungua wilaya mbili, maombi hayajatimia. Kanda yenye wilaya 30 inadai 20, yaani watu 1,000. Kusanyeni 80 kila wilaya, maana mengine yatakatwa. Sokoni mtu anajulikana kama Mama Aisha, kumbe kitambulisho cha taifa kina jina jingine kabisa. Mkusanyaji akishike kitambulisho mkononi, anakili herufi kwa herufi, kisha aandike anwani: kijiji, parishi, wilaya. Mwanafunzi anayelala Wandegeya, Kampala, na kupiga kura Kasese aandikwe wilaya moja tu.

Na bereti nyekundu, alama ya People Power, vuguvugu la Bobi Wine, msiziguse: tangu 2019 zimetangazwa kuwa vazi la jeshi.

Mzee_wa_Gulu: Ugumu huo wa kukusanya majina ndio sababu People Power haikuanza na karatasi tupu. Ilichukua chama kidogo kilichokwisha kusajiliwa, kikabadilishwa jina kuwa NUP (National Unity Platform), kikatangazwa Julai 2020, miezi sita kabla ya kura. Njia hiyo huokoa muda, lakini mnarithi na migogoro: wanachama wa zamani walikwenda mahakamani kupinga mabadiliko hayo. Kabla ya kukubali, someni katiba ya chama hicho. Nani ana haki ya kuitisha mkutano mkuu? Akidi ni wangapi? Kumbukumbu za mkutano zisipokuwa na sahihi, uongozi mpya unasimama hewani.

Nyota_Jinja: Asante sana. Vijana wanaitaja Podemos, chama cha mrengo wa kushoto cha Hispania, kila siku. Ilianzishwa Januari 2014, Mei ikapata viti vitano Bunge la Ulaya!

Karani_wa_Fomu: Ndugu yangu, hapo muwe waangalifu sana. Katika kura ile Hispania nzima ni jimbo moja na viti hugawanywa kwa uwiano, kwa hiyo asilimia 8 ilileta viti. Kwetu mshindi wa jimbo huchukua chote. Asilimia 8 iliyotawanyika inaweza kuwaacha bila kiti hata kimoja. Tena kila mgombea ubunge analipa shilingi milioni 3 za uteuzi. Wagombea 40 ni milioni 120 kabla ya bango la kwanza. Chagueni majimbo matatu au manne yenye masoko na stendi za bodaboda ambako watu wenu tayari wanakutana, na muanzie kwenye udiwani.

Mzee_wa_Gulu: Na orodha za wanachama mtoe nakala, zikae sehemu mbili tofauti.