Tupeane uzoefu: siku ulipoitwa kujazia timu ya kriketi ya wikendi

Mjazio wa Temeke

Wakuu, habari za Jumatatu. Kidole changu cha pete kimevimba kama muhogo, naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo herufi zikirukana mnivumilie.

Mimi ni mtu wa mpira wa miguu, Temeke kindakindaki. Kriketi nilikuwa naiona tu nikikatiza Upanga: watu wamevaa nyeupe, wamesimama. Unaenda zako Kariakoo, unahangaika huko, unarudi jioni, bado wamesimama. Nikajua ule ni mchezo wa kusimama.

Ijumaa bosi wangu (nauza spea za pikipiki, duka ni lake, Mhindi wa hapa hapa mjini, Kiswahili chake kinanishinda mimi) akaniuliza Jumapili nina ratiba gani. Kumbe yeye na wenzake huwa wanakodi uwanja, wenye maduka wa mtaa wetu dhidi ya wa mtaa wa pili, ova 20 kila upande (ova moja ni mipira sita ya kurushwa). Timu ni watu 11, wao wako 10, mmoja kaenda msibani Tanga. "Wewe simama tu kule mwisho chini ya mti. Mpira hautakufikia."

Wakuu, mpira ulinifikia.

Nusu saa ya kwanza nilisimama kweli, nahesabu kunguru. Kisha jamaa mmoja mnene, ambaye sijawahi kumwona akinyanyua hata boksi dukani kwake, akapiga mpira ukaja kwangu unaserereka kwenye majani. Mwili ukajikumbukia mambo ya Temeke, nikautuliza kwa ugoko. Ndugu zangu, ule mpira siyo mpira. Ndani ni kizibo na nyuzi, juu ngozi ngumu nyekundu, uzito kama gramu 160, na katikati una mshono ulioinuka kama kovu. Nilikaa chini. Wenzangu wanapiga kelele "tupa! tupa!", mimi nimekumbatia mguu, na wale wapigaji wawili wanapishana tu huku na huko wanahesabiwa mikimbio.

Ova ya 16, yule yule mnene, keshafikisha mikimbio 40 na kitu, akauinua juu. Ukapotelea juani. Kila mtu ananitazama mimi. Sikujua mikono inawekwaje, nikaiweka kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Ukashuka, ukanikunja kidole, ukabaki mikononi: mnene kadakwa, katoka. Weee! Nilibebwa. Bosi ambaye hajawahi kunipa hata mkono wa Idi akanikumbatia mbele za watu. Matibabu yalikuwa barafu ya kwenye ndoo ya soda.

Zamu yetu ya kupiga nikawekwa wa mwisho. Nikajifunga pedi mwenyewe, vifungo nikavielekeza ndani, kwa hiyo kila hatua miguu inakwaruzana kwacha, kwacha. Gongo nimelishika kama jembe. Mrushaji akaja mbio kutoka mbali, alichokirusha sikukiona. Nilisikia tu ko! nyuma yangu. Kugeuka, vijiti viwili kati ya vile vitatu ninavyotakiwa kuvilinda vimelala, nimetoka. Tumefungwa kwa mikimbio 6.

Lakini kuna kitu kimenifurahisha. Wenyewe ukitoka na sifuri wanasema umepata bata. Leo asubuhi shemeji ananiuliza wikendi ilikuwaje, nikamwambia nilikuwa Upanga, nimekula bata. Wala sikudanganya.

Haya, nani mwingine aliitwa kujazia?

Kimya Kingi

Mkuu, umeshika gongo Jumapili mchana kweupe na polisi wakakuacha? Mtaani kwetu hilo neno tunalinong'ona.

Mjazio wa Temeke

Hili la mbao mkuu, halinyweki. Ila ukilishika vibaya na lenyewe linakuangusha.

Dada wa Pangani

Nawasalimu kutoka Nairobi. Kwetu kriketi ni ugonjwa wa baba. Mwaka wa 2003 Kenya ilipowapiga Sri Lanka hapa nyumbani, Collins Obuya akachukua wiketi tano peke yake, yaani aliwatoa wapigaji watano, baba alitoka nje akagonga sufuria kwa mwiko mpaka majirani wakadhani wezi wameingia. Mwaka huo tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, India wakatutoa Durban. Hadi leo akiongea juu ya hiyo siku utadhani aliibiwa ng'ombe.

Sasa, Jumamosi moja kaka yangu na marafiki zake walipungukiwa na mtu, na mimi nilikuwa nimepeleka tu chapati. Wakaniuliza kama nimewahi kugonga mpira. Nikawaambia shule ya msingi nilikuwa moto kwa raunda, muulizeni mtu yeyote.

Nikapewa zamu. Mpira wa kwanza ukanipita. Wa pili nikaugonga vizuri sana, ule mlio unaousikia hadi kwenye kiwiko. Na kwetu shuleni ukishagonga unatupa kijiti chini na kutoka mbio kuelekea nguzo ya kwanza, ambayo iko upande wa kulia. Nikatupa gongo. Nikakata kulia. Nikakimbia kama mtu anayefuata matatu ya mwisho, na huko kulia sikupata nguzo yoyote, nilimkuta jamaa mmoja wa timu pinzani amejishika kiuno, akaniuliza, "Dada, unatafuta nani?"

Wakati huo mwenzangu wa upande wa pili ameshafika mahali nilipokuwa, tuko wawili upande mmoja (mmoja wetu amepotea), na mpira umerudishwa kule kulikobaki wazi. Vijiti vikaangushwa polepole, bila haraka, kama mtu anayezima taa akienda kulala.

Kilichoniuma zaidi ni kuambiwa baadaye kwamba gongo hubebwa kwa sababu maalum: ukilinyoosha mbele likagusa ndani ya mstari, umefika, hata kama wewe mwenyewe bado uko nyuma. Mita nzima ya bure, na mimi nimeiacha kwa nyasi.

Baba alikuwa ameketi kwa kiti cha plastiki. Hakucheka. Alisema tu, "Hata Durban hatukutoka hivyo."

Mwana wa Forodhani, Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Nawapeni ya huku Omani.

Huku wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa alfajiri, kabla jua halijawa jua, kila kiwanja kitupu cha mchanga na kila maegesho ya magari yana mechi. Wapakistani, Wahindi, Wabangladeshi, ndio wenye mchezo. Mimi na binamu yangu tuliitwa kwa sababu tulikuwa tumekaa tu pembeni na chupa ya chai. Walipungukiwa wawili. Naona maneno ni yale yale kila mahali.

Hawatumii mpira wa ngozi. Wanachukua mpira wa tenisi, wanauzungushia tepu ya mafundi umeme, mtindo uliotoka Karachi. Kuna mzee mmoja kazi yake ni hiyo tu: anauvuta utepe kwa meno, anaulaza kwa kidole gumba, hataki ukunjamane hata kidogo, kisha anauviringisha kwenye goti kama anayefanya kinyunya cha mandazi. Ule utepe unaupa uzito na kasi, na ukianza kuchanika upande mmoja unapinda hewani bila kukupa taarifa. Vijiti hakuna, ni kreti ya soda. Sheria za pale wanazijua wenyewe: ukipiga ukagonga ukuta wa jumba la watu umetoka, na mpira ukiingia ndani utakwenda kuuomba mwenyewe.

Sasa mie na binamu yangu tukajiona wajanja, tunapanga mambo kwa Kiswahili, maana pale watu wote ni Kiurdu na Kihindi. Akaja mpigaji mtu mzima, ndevu nyeupe, kofia ya jua. Nikamwambia binamu kwa sauti kubwa kabisa, "Huyu mguu mzito, mtupie fupi, imruke kifuani." Binamu akaenda nyuma kuanza mbio. Yule mzee akainama, akagonga gongo chini mara mbili, akasema bila kunitazama: "Fupi ndiyo naipenda, mwanangu."

Ule mpira mpaka leo hatujauona. Kumbe kazaliwa na kukulia Dar es Salaam, familia yenye asili ya Goa, India. Baada ya mechi akatukalisha, akatuuliza habari za urojo na za feri, akatukanya kwa kumsema mtu mzima. Tangu siku hiyo tunamwita ami, na kila Ijumaa mmoja wetu hupita kumchukua kwa gari.

Bi Mkubwa Mdogo

Jamani samahani, mume wangu anaangaliaga hii kitu usiku kwenye simu. Kuna pale wote wanaruka na kumnyooshea refa mikono kama wanadai deni, na mpigaji hajaangusha chochote. Wanamdai nini?

Mjazio wa Temeke

Bi mkubwa, hata mimi bosi alinieleza jana kwa vifuniko vya soda mezani. Mpira umegonga mguu badala ya gongo. Wanamwambia refa: mguu usingekuwepo, ule mpira ungevunja vijiti. Refa lazima aone kichwani mwake safari ambayo mpira haukuifanya. Na kama ulidunda nje ya vijiti, upande ule wa nyuma ya miguu ya mpigaji, basi hatoki hata wakilia machozi. Sisi kwenye mechi yetu hiyo sheria wameifuta kabisa, bosi anasema iliwahi kuwagombanisha mashemeji.

Mswahili wa Leicester

Hapo kwenye urefa ndipo penye kidonda changu, ngoja nikae vizuri.

Nipo Uingereza mwaka wa tisa. Leicester hapa Kiswahili unakikuta hata sokoni, maana kuna wazee wa Kihindi waliokuja kutoka Uganda, Kenya na kwetu miaka ya 70, na vikombe vyao vya chai bado wanavihesabu kwa Kiswahili. Jirani yangu mmoja wa hao akanipeleka kwenye timu yao ya vijijini, timu ya wenye magoti mabovu. Nao ni yale yale, walikuwa 10.

Kwanza niseme kuhusu chai, kwa sababu wenzetu hawa mechi yote ni kisingizio cha chai. Timu ya kwanza ikimaliza kupiga, mchezo unasimama, mnaingia kibandani, wenyeji wameandaa mikate ya kubana iliyokatwa pembetatu, keki na birika kubwa la chai. Wiki ya zamu yangu nilipeleka sambusa 60 na kachori. Wageni walikula wakashindwa kukimbia. Hilo ndilo nililowahi kuifanyia timu la maana.

Sasa urefa. Mechi hizi hakuna refa wa kulipwa. Timu inayopiga ndiyo inatoa watu wawili kati ya wale wanaosubiri zamu, wanavaa koti jeupe, wanawaamua wenzao. Yaani wewe ndiye hakimu na mshtakiwa ni mtu wako. Ova moja ni mipira sita, na ili usipotee unaweka vijiwe sita mfukoni, kila mpira ukirushwa unahamisha kimoja mfuko wa pili. Sikuwa na vijiwe. Nikatumia peremende.

Mnaona inakoenda. Baridi ile, mdomo mkavu, mkono uko mfukoni, bila hata kujua nikatafuna moja. Kwa ova mbili mfululizo warushaji wao walikuwa wanarusha mipira mitano, na mimi naita "ova!" kwa sauti ya mamlaka. Aliyegundua ni mtoto wa miaka kama minane aliyekuwa anaandika alama pembeni kwenye daftari.

Aibu ile ikanifanya niwe mkali. Mpira uliofuata ukamgonga nahodha wetu kwenye pedi, katikati kabisa, wakaruka wote wananidai kama alivyosema Bi Mkubwa. Nikaona nitende haki, nikainua kidole. Katoka. Akanitazama sana. Akapita karibu yangu akasema taratibu sana, kwa adabu zao zile, "Nadhani mpira uliguswa na gongo kwanza."

Nahodha huyo ndiye niliyekuja na gari lake. Jioni akasema gari limejaa vifaa. Basi la kijiji kile Jumapili linapita mara mbili, na la pili lilikuwa limeshapita.

Kimya Kingi

Nimecheka peremende mpaka mtoto kaamka.

Mwana wa Forodhani, Maskati

Na ule mguso wa gongo, ulikuwepo?

Mswahili wa Leicester

Ulikuwepo ndugu yangu. Nilikuja kuusikia nikiwa nimelala, saa nane usiku.

Jirani wa Lugogo

Wazee wenye visingizio vya magoti, sikilizeni kutoka Kampala. Frank Nsubuga alikuwa na miaka 43 Uganda ilipocheza na Papua New Guinea kule Guyana, Kombe la Dunia la ova 20, Juni 2024. Alirusha ova zake zote nne akatoa mikimbio 4 tu, akachukua wiketi mbili, tukashinda. Siku chache baadaye West Indies walitutoa wote tukiwa na mikimbio 39 tu, hiyo sitaki kuizungumza. Mimi mwenyewe nilijazia mara moja, nikasimama saa tatu, mpira haukuja hata mara moja, na jioni mgongo uliniuma kuliko waliocheza.

Dada wa Pangani

Jirani, afadhali wewe ulisimama mahali panapojulikana.

Mjazio wa Temeke

Wakuu, taarifa. Bosi kapita mezani kwangu sasa hivi, kakitazama kidole, kaniuliza kama kinaweza kupona kufikia Jumapili. Aliyekuwa Tanga bado hajarudi, na yule aliyetoa gari kubeba vifaa ana harusi ya mpwa wake. Tuko kumi ukinihesabu na mimi.

Walioko Dar, tunahitaji mmoja. Saa mbili asubuhi, kofia uje nayo, maji yapo, na mchana kuna biriani, hilo nimelihakikisha kabla ya kukubali. Pedi nitamfunga mwenyewe. Vifungo vinakaa nje.