Uyoga wa duara uwanjani: majirani wanajibizana

Zuhura: Jamani, hivi viuyoga vya kahawia vilivyojipanga duara nyuma ya fleti, vinalika? 📷

Mjomba Bakari: Picha ya juu haitoshi. Ng'oa mmoja mzima mpaka kwenye mzizi wa shina, upige kwa chini na kwa ubavu.

Zuhura: Haya mjomba. 📷📷📷

Mjomba Bakari: Unaelekea kuwa Marasmius oreades, wa kawaida sana huku Uingereza. Kofia sm 2 hadi 5, ina kinundu katikati. Matamvua, yaani vile vipande vyembamba vilivyojipanga chini ya kofia, ni ya krimu na yameachana, unaweza kuyahesabu. Shina jembamba lakini kakamavu: lisokote kama uzi, halikatiki.

Da Mwana: Na lisiwe na pete, ule ukanda unaozunguka shina. Ukiona pete, tupa. Galerina, kiuyoga kingine cha kahawia, ina sumu ya kuua ini, na ikiota kwenye gogo lililofukiwa utadhani imetoka kwenye nyasi.

Mama Idi: Mimi hofu yangu ni uyoga uitwao Clitocybe rivulosa. Huota kwenye nyasi zilezile, tena kwa duara! Ina sumu ya muskarini. Ndani ya saa mbili, mara nyingi mapema zaidi, mtu anatokwa jasho, mate na machozi, anaharisha, mboni zinasinyaa. Hospitali wanatibu kwa dawa ya atropini.

Zuhura: Si ni mweupe ule?

Mama Idi: Mweupe, ndiyo. Lakini huu wa kahawia nao ukikauka unapauka, hapo ndipo watu wanapouchanganya. Angalia matamvua: ya rivulosa yamebanana na yanateremka kwenye shina.

Zuhura: Kile kipimo cha karatasi, cha kuona rangi ya vumbi la uyoga, je?

Mjomba Bakari: Laza kofia kifudifudi kwenye karatasi nusu nyeusi nusu nyeupe, funika na glasi usiku kucha. Vumbi la rangi ya kutu au jeusi, achana nao. Ila vumbi jeupe halikuhakikishii kitu, Marasmius na rivulosa yote miwili inatoa jeupe. Kagua mmoja mmoja, si kapu zima.

Da Mwana: Mashina hayatafuniki, pika kofia tu. Usile mbichi, hutoa sumu ya sianidi kidogo. Kaanga dakika 10 bila kufunika. Na uwanja uliopigwa dawa ya magugu usichume kabisa.

Mama Idi: Zuhura, picha ya tatu, ule wa kushoto. Matamvua yameshuka shinani.

Zuhura: Yallah! Na nimeushika!

Mama Idi: Kushika hakudhuru. Utoe, kisha kagua upya vyote vilivyobaki.

Mjomba Bakari: Mimi kapu hilo ningelimwaga.

Zuhura: Nalimwaga.