Ufunguo wa PGP uliopotea: seva ziruhusu kufuta au ubaki milele?

MtuKimya: Wadau, 2016 nilitengeneza ufunguo wa PGP, ule mfumo wa kufunga barua pepe asisome mwingine, nikaupandisha ule wa umma, ambao watu wanafungia barua zangu, kwenye seva za funguo ambako yeyote anautafuta. Laptopu ikaibiwa, ufunguo wa siri wa kuzifungulia ukaenda nayo, cheti cha kubatilisha, cha kutangaza kuwa ufunguo haufai tena, nacho kilikuwa humohumo. Mpaka leo watu wanaukuta ule wa zamani wananitumia barua nisizoweza kuzifungua. Kwa nini nisifute kitu changu mwenyewe?

fundi_redio: Ukiweza kufuta wewe hata serikali itafuta. Seva za SKS, hizo za zamani, zilijengwa makusudi zisifute, zinapokezana tu funguo. GnuPG, programu ya kutumia PGP, inakutengenezea cheti yenyewe, kazi yako kukichapisha karatasini, hilo kila mtu anajua. Aliyeacha akiba ndani asilaumu kufuli.

BintiKojani: "kila mtu anajua" ndo maneno yanayofanya watu wabaki WhatsApp. halafu huko kutofuta si ndo kuliwaponza 2019, ufunguo wa Robert Hansen, mchangiaji wa GnuPG, ukabandikwa sahihi za uthibitisho za takataka kama laki na nusu, ukiuvuta GnuPG inakwama na hakuna wa kuzitoa

kolokolo: Fundi kasema kufuli bila kujua! Ndo shida yenyewe, "ufunguo wa umma" ni tafsiri mbovu. Ile ni kufuli, unawagawia watu kufuli zilizo wazi, ufunguo unabaki nao wewe.

fundi_redio: Na sahihi je? Ufunguo huohuo wa umma ndo unahakiki sahihi yangu, utaihakiki kwa kufuli?

BintiKojani: hahaha kolokolo wewe si wa mjini? kufuli huku ni chupi. nimwambie bosi nimempandishia kufuli yangu kwenye seva?

kolokolo: Lugha ya vijiweni isitupangie istilahi.

fundi_redio: Istilahi za chupi.

MtuKimya: Jamani, na swali langu?

BintiKojani: pole. tengeneza mpya, weka tarehe ya kuisha, peleka keys.openpgp.org, watakutumia linki kwenye barua pepe uthibitishe. mtu akitafuta anwani yako pale anapata mpya tu, na siku ukitaka unaiondoa anwani

MtuKimya: Nilishafanya. Ila wazee wa kazini bado wanavuta kwenye seva za zamani.

fundi_redio: Zipi tena, sks-keyservers.net, lango la seva hizo za SKS, si ilifungwa 2021, maombi ya kufuta kwa ile sheria ya faragha ya Ulaya yaliwashinda waendeshaji.

BintiKojani: kumbe kufuta kulishinda

fundi_redio: Nimesema yaliwashinda WAO. Soma.

kolokolo: Komeo je? Komeo halina maana nyingine mjini.