Nimechoshwa na klipu ya "pointi moja", Kim Woo-jin si kichekesho chenu

Wakuu,

Uvumilivu umenishinda. Kila likitajwa jina la Kim Woo-jin, mpiga upinde wa Korea Kusini, humu, mtu anasema dhahabu zake ni za mteremko, kisha anarusha ile klipu ya Olimpiki ya Paris 2024, Kim akicheza na Israel Madaye wa Chad, ambapo mshale wa Madaye unaangukia pointi 1, halafu vicheko vinajaa ukurasa mzima. Mnaicheka mechi ya raundi ya kwanza, mshindi mwenyewe hamna habari naye!

Na huyo Madaye mnayemdharau ni Mchadi aliyefika Olimpiki kushindana kwa upinde. Kasimama mita 70 kutoka kwenye shabaha, kapangiwa mtu hatari kuliko wote, kafungwa 6-0 (ukishinda seti unapata pointi 2, sare 1, wa kwanza kufika 6 ndiye mshindi). Kuna aibu gani hapo? Korea kwenyewe watu walimsifu. Sisi Waafrika wenzake ndio tunaomzomea. Inauma sana.

Sasa ninyi mnaosema "Wakorea wanazaliwa nayo", nijibuni: London 2012 Kim alikuwa wapi? Alikuwa bingwa wa dunia, taji kalitwaa Turin 2011, na Olimpiki hakwenda. Kwenye mchujo wa kwao alishika nafasi ya nne na wanaokwenda ni watatu. Basi, kabaki nyumbani. Mchujo ule unachukua miezi, na jina lako halikuongezei hata pointi. An San, dada mpiga upinde wa Korea hiyo hiyo, alizoa dhahabu tatu Tokyo, lakini kikosi cha Paris hakumo. Sisi tuliozoea timu kupangwa kwa kujuana tunathubutuje kusema wenzetu wana bahati?

Twende Rio 2016. Kwenye raundi ya kupanga nafasi alipiga pointi 700 kati ya 720, rekodi ya dunia. Siku chache baadaye akatolewa mapema na Riau Ega Agatha wa Indonesia. Dhahabu ya timu aliipata, ya peke yake ikampita. Tokyo hivyo hivyo: timu dhahabu, peke yake kaishia robo fainali mbele ya Tang Chih-chun wa Taiwan. Ubingwa wa dunia wa peke yake alishautwaa tena 2015, akauongeza 2021, ila medali ile ya Olimpiki iliendelea kumkimbia. Mtu wa namna hiyo ndiye mnayemwita mteremko?

Paris tayari alikuwa na dhahabu ya timu na ya mchanganyiko (mwanamume na mwanamke) aliyoipata na Lim Si-hyeon. Tarehe 4 Agosti 2024, nusu fainali, anakutana na Lee Woo-seok, mwenzake wa timu. Sare, mshale wa kuamua, anapita. Fainali ni Brady Ellison wa Marekani. Seti ya mwisho, mishale mitatu kila mmoja, wote wanapiga 30, matokeo 5-5. Mshale mmoja mmoja. Ellison 10, Kim 10! Wapimaji wakapima: wa Kim umekaribia katikati zaidi kwa milimita 4.9. Miaka minane tangu Rio ikaamuliwa na nafasi isiyofika hata nusu sentimita. Ndiyo dhahabu yake ya tano ya Olimpiki, na hakuna aliyeiwakilisha Korea Kusini kabla yake aliyewahi kufikisha tano.

Klipu ya fainali hiyo ipo, haijafichwa. Anayetaka kubishana nami aitazame kwanza, kisha aje anieleze mteremko uko wapi. Na atakayeleta tena ile ya Madaye kwenye uzi huu, simjibu.