Zile "aaa" za nyuma kwenye The Stranger ya Billy Joel zinatengenezwaje?

kinanda_cheusi:
Wakuu, bendi inaandaa "Just the Way You Are" kutoka albamu ya The Stranger (1977). Rhodes (piano ya umeme) imekaa sawa, ngoma sawa. Kazi iko kwenye zile "aaa" za nyuma. Tukiweka kwaya iliyomo kwenye kinanda, wimbo unakuwa wa msibani. Ni watu wale au mashine? Halafu mpuliza saksofoni analalamikia ufunguo.

fundi_mikseri:
Ni watu, mkuu, ila wanachezwa kama ala. Wazo lilitoka kwa bendi ya Uingereza, 10cc, kwenye wimbo wao "I'm Not in Love" wa 1975. Kule watu 3 waliimba kila noti mara 16, yaani sauti 48. Noti 13, jumla 624. Kila noti ikafungwa kwenye mkanda unaozunguka bila kikomo, ikapewa kitelezo chake cha kupandisha na kushusha sauti kwenye mikseri. Unayoitaka unaipandisha. Sasa utamu uko hapa: chini ya vitelezo walibandika utepe visifike sifuri, kwa hiyo noti zote zikawa zinavuma kwa mbali muda wote. Ukungu huo kinanda chako hakina.

Kwenye kompyuta, rekodi noti zote 12. Usiishie za ufunguo wa D tu, maana katikati wimbo unatoka nje ya D. Kila noti sekunde 15, mara 8, bila kutetemesha sauti. Kata sekunde 2 za mwanzo na pumzi ya mwisho, kisha zipishanishe ncha kwa nusu sekunde, mwisho ukififia huku mwanzo ukipanda. Ukiunga kavukavu utasikia "tk" kila mzunguko. Ondoa besi chini ya hezi 150, la sivyo zitagombana na Rhodes.

zumari_la_tanga:
Nyongeza: msizinyooshe kwa programu ya kurekebisha noti. Zote 8 zikilingana kabisa, unasikia mtu mmoja mwenye kelele. Upana unatokana na zile tofauti ndogondogo. Aliyepotea waziwazi arudie tu.

Saksofoni ni alto, ambayo noti zake haziandikwi kwenye ufunguo uleule unaosikika, kwa hiyo wimbo ukiwa D yeye anasoma B, yenye shapu (alama za kupandisha noti) 5. Avumilie. Mkishuka C atasoma A, shapu 3, ila mwimbaji naye ameshuka toni nzima. Aliyepuliza mle ni Phil Woods, mtu wa jazz. Anayeivamia kwa pumzi za roki anaiharibu. Na mfuate toleo la albamu, la singo lilikatwa.

mzee_wa_santuri:
Hapo ndipo mkono wa prodyuza Phil Ramone unaonekana. Hii ilikuwa albamu ya 5 ya Joel, na iliyotangulia, Turnstiles, aliisimamia mwenyewe. Ramone alimwachia wanamuziki wake wa jukwaani, akaweka manukato kama haya juu yake. R ya studio ya A&R, New York, walikorekodia, ndiyo Ramone mwenyewe.

kinanda_cheusi:
Shukrani. Badala ya utepe, zile noti zisizoimba niziache zivume kwa kiasi gani?

fundi_mikseri:
Anza desibeli 30 chini ya noti inayoimba. Ukizisikia waziwazi, shusha. Ukizizima na wimbo ukapwaya, umepatia.