Kuongeza uzito mbele ya mshale wa kaboni: uti wa 500 utahimili?

Mlenga Shabaha (Moshi):
Wakuu, habari za jioni. Upinde ni wa pauni 50 za kuvuta, mishale ya kaboni namba 500 (namba ya ugumu wa uti), uti sentimita 72, chembe greni 100, manyoya makubwa manne. Mshale mzima gramu 25. Ukitoka unatikisa mkia, na kwenye gunia la nguo chakavu unaingia kimshazari. Nikiulaza kidoleni unakaa sawa sentimita 43 kutoka pengo la upote. Niongeze kiasi gani mbele? Kuzungushia waya nje inafaa?

Mkereza Shaba (Arusha):
Mkuu, anza na hesabu. Nusu ya 72 ni 36. 43 toa 36 ni 7, gawa kwa 72, unapata asilimia 9.7: ndivyo uzito ulivyosogea mbele ya katikati ya uti. Mshale wa kuwindia ukiwa kati ya 12 na 18 unatulia vizuri.

Weka chembe ya greni 125, kisha toa kizibo (kipande cha ndani ya mdomo wa uti kinachoshika chembe) cha alumini cha greni 15 uweke cha shaba cha greni 75. Nyongeza ni greni 85, sawa na gramu 5.5. Pale mshale unapokaa sawa kidoleni patasogea hadi sentimita 48, asilimia 17 hivi. Usipovipata dukani, fundi wa kukereza atakuchongea. Mpelekee uti wenyewe apime tundu. Kila kizibo kipite kwenye mizani ya sonara, visitofautiane zaidi ya greni 2.

Waya nje hapana. Unagonga kiegemeo cha mshale wakati wa kuachia.

Jicho Moja (Usa River):
Hesabu ya mkereza ni sahihi, ila mkia kutikisika mara nyingi ni kosa la ugumu wa uti. Uzito mbele huufanya uti upinde zaidi unaposukumwa, kwa hiyo 500 yako itazidi kulegea. Chukua 400; namba ikipungua uti ni mgumu zaidi.

Kabla ya kununua, toa manyoya mshale mmoja, upige mita 15 pamoja na yenye manyoya. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, ule mtupu ukiangukia kulia uti ni laini, kushoto ni mgumu. Rudia jaribio ukishaongeza uzito. Tegemea pia mshale kushuka zaidi: kwa upinde unaotoa mita 50 kwa sekunde, umbali wa mita 30, ni kama sentimita 30 chini ya unapopiga sasa. Na kuwinda ni kwa leseni, hata kwa upinde.

Mkereza Shaba (Arusha):
Naam, kwa 400 nakubali. Kuhusu gundi: kwaruza ndani ya uti kwa msasa laini, futa kwa spiriti, uache ukauke. Toa kwanza kipande cha nyuma kinachokaa kwenye upote, la sivyo hewa iliyobanwa ndani itakisukuma kizibo nje gundi ikiwa mbichi. Paka epoksi, ingiza huku ukizungusha, acha saa 24. Ukitumia gundi ya kuyeyusha, pasha moto kizibo, kamwe usipashe uti, maana joto hutenganisha tabaka za kaboni. Mwisho zungusha mshale juu ya meza: chembe ikiyumba, kizibo kimekaa upande.