Familia ya Ngamiani 🏠

Dada Mwana (07:12): Asalaam aleikum wote. Miezi 4 niliyopewa na Mahakama ya Mwanzo kama msimamizi wa mirathi ya Baba inaisha wiki ijayo. Fomu namba 5 inataka mali na madeni ya marehemu, na upande wa madeni bado mweupe. Anayejua deni lolote la Baba aseme leo.

Dada Mwana (07:14): Nyumba tumekadiria milioni 60, nusu ya Baba, nusu ya Baba Mdogo. Mkopo wa SACCOS umebaki milioni 12.

Dada Mwana (09:40): Naona tiki za bluu tu.

Kassim (10:05): Mimi Baba ndiye alikuwa ananidai. Hiyo nayo inaandikwa? 😂

Dada Mwana (10:06): Inaandikwa, tena kwenye mali. Shilingi ngapi?

Kassim (10:31): Mtandao unasumbua huku Dar 😂

Baba Mdogo (11:20): Mkopo una jina la kaka peke yake. Utoke kwenye nusu yake. 30 toa 12, mna 18.

Dada Mwana (11:24): Shikamoo Baba Mdogo. Mkopo ule ndio ulioezeka bati na kujenga zile fremu 2 za maduka za mbele, na kodi ya fremu unapokea wewe mpaka leo. Utoke kwenye 60 kwanza. Inabaki 48, kila upande 24. Thumni ya Mama hapo, yaani fungu lake la moja ya nane, ni milioni 3. Kwa hesabu yako inashuka mpaka 2 na robo.

Baba Mdogo (11:52): Mmeanza kunihesabia kodi. Shamba la Pongwe nani alihesabiwa?

Rehema (12:10): Jamani, Pongwe tena 🙈

Kassim (12:11): Minazi ya Pongwe ina wajukuu sasa 😂😂

Zuberi (13:02): Mkopo huo una bima? SACCOS nyingi mkopaji akifariki, bima ndiyo inalipa salio. Kuna mtu ameuliza?

Kassim (13:03): [stika ya mbuzi]

Rehema (13:05): 😂😂😂

Shangazi (16:48): Huyu ni Shangazi, anaandika mjukuu wangu. Nimesomewa yote. Kaka yangu alikopa wakati mvua inatuingilia sote, na mdogo wetu ndiye aliyekwenda naye kuchagua bati. Deni hilo ni la nyumba. La marehemu peke yake ni mahari ya mama yenu. Nilikuwepo alipoahidi, na haikuisha. Hiyo itoke kwenye fungu lake kabla hamjagusa hata kijiko.

Mama (17:37): Ahsante wifi. Sikutaka kuisema mwenyewe. Wala sijasamehe.

Dada Mwana (17:40): Mama, imebaki kiasi gani?

Mama (17:58): Tutaongea nyumbani.

Dada Mwana (18:15): Haya. Jumamosi baada ya Laasiri, Ngamiani, wote. Zuberi, fuatilia barua ya SACCOS, salio na hiyo bima.

Zuberi (19:20): Mimi hawatanipa dada, watataka msimamizi. Kesho asubuhi twende wote, ubebe cheti cha kifo na barua ya mahakama.

Baba Mdogo (21:15): Jumamosi niko Korogwe. La mahari nimelikubali, dada amesema. La bati tutasema tukionana.

Dada Mwana (21:16): Basi Jumapili?

Kassim (21:30): Nani anapika?

Dada Mwana (22:03): Baba Mdogo, Jumapili?